Najifunza kuhusu maji ya kisima kwa kuandika makala. Niendelee au nisubiri nijue kwanza?

DukaniEmbakasi:
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri, hasa wa walimu na watu wa maji.

Mtaani kwetu tunakunywa maji ya kisima. Mwaka jana meno mapya ya binti yangu yalitoka na mistari ya kahawia, daktari akasema ni floraidi, aina ya madini, iliyozidi kwenye maji. Kemia niliiacha kidato cha pili. Nikaamua kujifunza kwa kuandika: Jumamosi nasoma Maktaba ya Taifa pale Upper Hill, Nairobi, jioni naandika kurasa mbili za kuwaelimisha majirani.

Imenisaidia mno. Nikisoma tu, naona nimeelewa. Nikiandika "miamba ya volkano hutoa floraidi", kalamu inasimama: inaitoaje? Hapo ndipo najua pa kurudi kusoma.

Tatizo ni makala ya tatu. Niliandika kwamba kuchemsha kunapunguza floraidi. Nilidhani kinachoua vijidudu kinaondoa kila kitu. Jirani yangu akaanza kuyachemsha maji ya uji wa mtoto muda mrefu zaidi kwa sababu yangu. Nilipogundua ni kinyume, usingizi ulinipaa. Mwezi mzima sijaandika. Niache?

MwalimuMstaafu:
Usiache. Ila leo hii, kabla ya kushika kalamu, nenda kwa huyo jirani umwambie kwa mdomo wako.

Kisha makala ya nne iwe juu ya kosa hilo hilo. Chukua lita moja ya maji, tia kijiko cha chumvi, onja. Chemsha mpaka ibaki nusu lita, yaache yapoe, onja tena. Maji yamepaa, chumvi imebaki. Floraidi ni hivyo hivyo. Mzazi akionja mara moja hasahau.

Na lile swali lako: maji yakikaa muda mrefu kwenye miamba ile huyeyusha madini yake, floraidi ikiwemo. Maji yakiwa na madini ya kalsiamu kwa wingi, kalsiamu huikamata floraidi ikatuama. Maji mengi ya kisima ya huku kwetu yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki ndani yake. Funga kitabu, uandike hayo kwa maneno yako. Utakapokwama, fungua.

MamaWaUmoja:
Mimi sikubaliani na mwalimu kwa yote. Haya ni mambo ya afya. Daftarini andika hata ujinga wote, hakuna anayeumia. Lakini karatasi isitoke kwako kabla ya mtu anayejua kuisoma. Mimi ni mama, nikipewa karatasi iliyoandikwa vizuri naiamini.

FundiPampu:
Mama amesema kweli. Naongeza: visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana kabisa. Peleka maji yenu maabara upate namba yenu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukiandika ukiwa na namba ya kisima chenu mkononi, hutakisia.

DukaniEmbakasi:
Nimetoka kwa jirani. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Sasa nimpe maji gani?" Tumekubaliana uji wa mtoto upikwe kwa maji ya mfereji yakitoka, tukiyachemsha kwa ajili ya vijidudu tu, huku tukisubiri maabara. Gharama tutagawana.

Ya chumvi nimeifanya na binti yangu. Alipoonja mara ya pili alikunja uso, akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunayafanya mabaya zaidi?" Sentensi hiyo ndiyo inafungua makala.

Mama, nimekuelewa, haitatoka bila kusomwa. Mwalimu, shikamoo. Naweza kukuletea Jumatano?

MwalimuMstaafu:
Marahaba. Lete. Na uache nafasi pembeni mwa karatasi, nina kalamu nyekundu bado.