Tupimeje uchovu wa wagonjwa na wa wenye afya kwa dodoso moja?

Muuguzi wa Igoma
Ndugu wanajukwaa, kwa ajili ya masomo yangu nalinganisha uchovu wa wagonjwa wa kisukari wa hapa Mwanza na ule wa wavuvi wa dagaa wa mwalo wa Igombe wasio na ugonjwa wa kudumu. Natumia kipimo cha Krupp na wenzake cha mwaka 1989, chenye kauli 9 zinazopewa alama 1 hadi 7, ambapo wastani wa 4 na kuendelea huhesabiwa kuwa uchovu mkubwa. Katika majaribio, wavuvi kadhaa wamewapita wagonjwa. Nimekosea wapi?

Mzee wa Mwaloni
Mwanangu, dodoso lako linauliza habari za siku ngapi? Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza zisizo na mbalamwezi. Mbalamwezi ikipamba, taa hazivuti kitu na mitumbwi hulala ufukweni. Uliwahoji lini?

Muuguzi wa Igoma
Shikamoo mzee. Linauliza wiki iliyopita, na wote niliwahoji siku hizo za giza, walipokuwa wakikesha ziwani. Sikulifikiria hilo hata kidogo.

Mdau wa Takwimu
Mzee amekugusia jambo kubwa, lakini kuna jingine. Kipimo hicho kilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa lupasi (kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe) na wa multipo sklerosisi (ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo), na hutoa alama moja tu, kwa hiyo aliyekesha akivuta nyavu na ambaye mwili wake umeishiwa nguvu bila kazi yoyote wanaweza kulingana. Fikiria kile cha Smets na wenzake cha mwaka 1995, chenye kauli 20, kinachotenganisha uchovu wa jumla, wa mwili, wa akili, kupungua kwa shughuli na kupungua kwa hamu. Huenda mvuvi wako akapanda kwenye mwili peke yake. Usingizi nao upime kando kwa maswali 8 ya Epworth, dodoso la kusinzia mchana. Tena, «asiye na ugonjwa» umemjuaje? Ukanda huu una kichocho, na mtu huishi nacho miaka bila kujua, kwa hiyo usimweke kundi la wenye afya kabla ya kupima choo na damu. Himoglobini, yaani wekundu wa damu, ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita moja kwa mwanamume ni upungufu wa damu.

Mfasiri wa Sengerema
Angalia pia maneno. Kauli ya pili husema mazoezi huleta uchovu. Mvuvi akisikia «mazoezi» huwaza mpira, si kukokota mtumbwi. Na «nimechoka» kwetu ni pamoja na kuishiwa fedha. Waombe watu wachache waeleze walivyoielewa kila kauli kabla hujaanza kuhesabu.

Muuguzi wa Igoma
Nashukuruni sana. Nitawahoji upya wavuvi walewale mbalamwezi itakapokuwa imewapumzisha wiki nzima, nikiwa na dodoso lililorekebishwa. Mzee, naomba uniambie ni siku zipi nitawakuta ufukweni.

Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Njoo siku ya saba au ya nane tangu mitumbwi ilazwe, asubuhi, wakiwa wanashona nyavu.