Paneli ya kabati la gemu: batani 6 zilizonyooka, 6 za kupinda au 8 za Vewlix?

seremala_wa_jioni
Wadau salaam. Kabati langu la gemu limeshasimama, MDF ya milimita 18, skrini inchi 24, ndani Raspberry Pi (kompyuta ndogo) inaendesha RetroPie, programu ya kuchezea gemu za zamani. Imebaki paneli ya kuchezea na hapo ndo nimekwama, maana tundu ukishatoboa halizibiki likapendeza. Upana wake sm 70, wachezaji wawili wamesimama. Hapa home tunacheza KOF (The King of Fighters) 97 na 98 sana, Street Fighter II, Mortal Kombat mara moja moja, afu madogo wanataka Pac-Man yao. Nimechora ramani tatu: batani 6 zilizonyooka kama zile mashine za Marekani za miaka ya 90, 6 za kupinda kama Astro City ya Sega, na 8 kama Vewlix ya Taito. Mngekuwa nyie mngetoboa ipi?

msee_wa_combo
Vewlix, hata usijisumbue kuuliza. Sababu ni hiyo KOF yako. Neo Geo, ile mashine KOF ilikotokea, ina batani 4, A B C D, na kwenye mashine zenyewe zimekaa mstari mmoja. Safu ya juu ya Vewlix ina 4, so KOF inaingia vile ilivyo. Ukienda Street Fighter unatumia 3 za juu ngumi na 3 za chini mateke, zile 2 za mwisho zinakaa tu hazisumbui mtu. Ukitoboa 6 utaanza kutafuta D uiweke wapi.

mzee_wa_koini
Msee hapo umekimbia mno. Mimi nasema 6, na zilizonyooka bado hazijafa. Mortal Kombat yenyewe ilipotoka 1992 paneli yake ilikuwa tofauti na hizi zote, ngumi mbili kushoto moja juu moja chini, mateke vilevile kulia, na bloku (ya kujikinga) peke yake pale katikati. Hiyo kwenye 3 juu 3 chini zilizonyooka inakaa vizuri sana: bloku inakuwa ya kati juu, na ukifika MK3 ile ya kukimbia unaipa ya kati chini. Kwenye ya kupinda utacheza pia lakini ule umbo wake unapotea. Halafu kwa MDF unayotoboa nyumbani na dreli ya mkono, mstari ulionyooka ukikosea milimita 1 mtu hajui, ila ule mpindo ukikosea unaonekana toka mlangoni.

dada_paneli
Mzee wangu shikamoo, ila kwenye kunyooka sikubaliani. Weka mkono mezani uangalie vidole, cha kati kimezidi cha shahada. Ndo maana Astro City na Vewlix zote zile batani mbili za kidole cha shahada zimeshuka kidogo na zinazofuata zimepanda, mkono unatua wenyewe. Kwenye zilizonyooka unalazimika kukunja kiwiko au kupindisha kiganja, gemu moja hutasikia, ukikaa saa mbili kifundo cha mkono kinauma.

Ila mwenye uzi swali lako kubwa mi naona sio mpindo, ni hizo sm 70. Piga hesabu na mimi. Kitovu cha batani hadi kitovu cha jirani yake weka sm 3.6. Joistiki hadi batani ya kwanza kama sm 9. Vewlix ina safu 4 za kusimama, kwahiyo toka joistiki hadi ukingo wa batani ya mwisho unapata kama 21 na ushee. Ongeza sm 8 kushoto kwa ajili ya mkono unaoshika joistiki, tayari 29 na kitu kwa mtu mmoja, wawili 59. Zinabaki 11 za kugawana pembeni na katikati. Inaingia, lakini mkono wa kulia wa mchezaji wa kwanza na wa kushoto wa mchezaji wa pili watasalimiana kila raundi. Ukienda na 6 unaokoa sm 3.6 kila upande, zote unazipeleka katikati.

msee_wa_combo
Hesabu poa, lakini hujajibu D inaenda wapi.

dada_paneli
D inaenda chini ya C. Wangapi humu walijifunza KOF kwenye mashine yenyewe ya Neo Geo? Wengi tumeijulia kwenye pedi ya PlayStation, kwahiyo vidole vimezoea nne za kukaa mraba: A juu ya B, C juu ya D. Kujiviringisha ni A na B pamoja, ule mkong'oto wa kumrusha mtu ni C na D pamoja, zote unabonyeza juu na chini, dole gumba linasaidia. Mtu wa hivyo ukimpa mstari wa 4 anakuwa mgeni kwenye gemu yake mwenyewe.

mzee_wa_koini
Marahaba binti. Na kama anautaka ule mstari kweli kuna njia ya tatu, 6 za kawaida afu ya 7 inawekwa chini kushoto karibu na dole gumba, hiyo inakuwa A, na B C D ndo safu ya chini. Watu wengi wanaojenga makabati wanatumia hiyo. Mimi siipendi kwa macho lakini kazi inafanya.

kijana_wa_joistiki
Jamani mmesahau Pac-Man ya madogo. Gemu ya 1980 ile, joistiki yake ilikuwa ya njia 4 tu, juu, chini, kushoto na kulia. Ukiichezea ya njia 8 mtoto akienda kwenye kona anagusa mshazari, swichi mbili zinashikwa kwa pamoja, Pac-Man anapitiliza na zimwi linamla afu kilio. Nilikuwa nawaza joistiki ya tatu katikati juu, ya njia 4 pekee.

dada_paneli
Kwenye sm 70? Hapana kwakweli. Hapo katikati ndo pa kupumulia, ukiweka joistiki pale mtu anaipiga na mkono kila akifurahi. Kama anachukua joistiki ya Sanwa JLF, ile plastiki ya mraba iliyo chini inayozuia fimbo inageuzwa, ukiizungusha nyuzi 45 inakuwa ya njia 4.

mzee_wa_koini
Inageuzwa kwa chini, na wewe umesimama juu. Kwahiyo paneli ifungwe kwa bawaba iinuke kama mfuniko wa sanduku, isipigiliwe misumari. Utashukuru hata siku waya ukichomoka.

Na mbao yenyewe, MDF ya 18 batani za kubana hazishiki, zile meno yake yametengenezewa bati jembamba. Chukua za kufunga na nati kama OBSN ya Sanwa, tundu milimita 30, tena uchimbe mbao kwa chini ipungue, au hizi za Kimarekani zenye shingo ndefu, tundu lake ni kama 28 na nusu na zinapenya mbao nene bila shida. Joistiki pia lazima uichimbie kwa chini, la sivyo fimbo inachungulia kidogo tu juu ya paneli kama kidole gumba. Kwahiyo jua kwanza unanunua batani gani ndo ununue ile ya kutobolea matundu ya vitasa.

kijana_wa_joistiki
Vipi kuzigeuza joistiki kidogo zielekee nje ili viwiko visigongane? Nimeona paneli za hivyo picha nyingi.

mzee_wa_koini
Pindisha mpangilio wa batani ukitaka, joistiki usiiguse. Juu ya joistiki lazima iwe juu ya skrini. Ukiigeuza hata kidogo, mtu anasukuma juu anatoka mshazari, na Pac-Man ndo itakuumbua wa kwanza.

dada_paneli
Na starti na koini (ndo selekti hiyo) usiziweke juu karibu na batani za kupigania. RetroPie ukibonyeza selekti na starti pamoja inatoka kwenye gemu, sasa fikiria raundi ya mwisho mtu kiganja kimelala vibaya 😂. Peleka kwenye ukingo wa mbele unaotazama tumbo, za milimita 24, selekti mbali na starti.

seremala_wa_jioni
Asanteni, mmenipa kazi ya wikendi nzima. Nimeprinti ramani ya Vewlix na Astro City saizi kamili, nikazikata kwenye boksi la friji, batani nikachomeka humohumo kwenye boksi bila waya, afu nikasimama na bro wangu tukajifanya tunacheza. Vewlix tuligongana mikono kweli, na bro ni mwembamba. Ile namba 7 ya mzee dole gumba halikuifikia bila kuhamisha mkono wote. Kwahiyo Astro City 6, KOF mraba, bawaba nyuma, starti na selekti ukingo wa mbele, batani za Kimarekani maana kuchimba MDF kwa chini sina kifaa, joistiki hizo 2 tu nitaomba karakana ya jirani anichimbie.

msee_wa_combo
Sawa boss. Siku nikija kucheza KOF kwako nabeba stiki yangu ya batani 8, acha tundu la USB mbele.

seremala_wa_jioni
USB ipo mbele tayari, karibu. Ila kuna kitu kimoja, ubao wa kusoma batani: nachukua 2 za bei chee kila mchezaji na wake, au ule mmoja wa I-PAC?

mzee_wa_koini
Zile 2 zikifanana kabisa Pi ikiwaka upya inaweza kuzibadilisha, wa kwanza akawa wa pili. I-PAC 2 ni bei zaidi ila inasomeka kama kibodi moja, wachezaji wote wamo humo na hawabadilishani. Mfuko wako ndo utaamua, ukichukua hizo za chee andika namba kwenye kila waya kabla hujafunga paneli.