Mjadala: Kanzidata ya viumbe vamizi Uganda, aulizwe nani?

Mleta mada (Kampala): Wataalamu wakiletewa dodoso kuhusu kanzidata za viumbe vamizi (mimea na wanyama wageni wanaoenea na kuleta madhara), huulizwa wanatumia ipi, inapungukiwa nini, nani aigharamie. Sawa. Ila tukijenga ya Uganda kwa majibu yao peke yao, tutapata kabati la makabrasha yaliyochelewa.

Kanzidata hazijakosekana. Iko GISD ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, iko ya CABI, shirika la kimataifa la kilimo, iko GRIIS yenye orodha ya kila nchi. Mtafiti wa Makerere anapata humo jina la kisayansi na asili ya mmea. Afisa uvuvi wa Nakasongola hapati humo habari kwamba gugu la Kariba, mmea unaoelea majini, limeingia mwalo gani wiki hii. Gugu maji lilionekana ziwa Kyoga mwishoni mwa miaka ya 1980, likaenea pia ziwa Victoria. Fukusi, wadudu wa kulila, waliachiliwa Victoria 1995. Miaka yote hiyo mvuvi alikuwa akilisukuma kwa kasia. Dodoso limfikie na yeye.

Mchangiaji wa Masindi: Kuona si kutambua, ndugu. Huku kandokando ya msitu wa Budongo watu wanapanda mti wa gasiya mipakani mwa mashamba, wanapata kuni na nguzo. Mwambie mwenye shamba kwamba ni mvamizi, atakucheka! Msituni ndiko inakobana miche ya miti ya asili. Kila mwenye simu akiandika anachotaka, nani atachambua?

Muuza pilipili: Mnasema magugu tu. Ulaya imeshakamata pilipili za Uganda mara nyingi kwa sababu ya kiwavi wa nondo anayejificha ndani ya tunda. Mkiweka ramani ya wazi, mnunuzi ataisoma kabla ya bwana shamba. Hasara yangu.

Mleta mada: Hoja ya pilipili ndiyo nzito kuliko zote hapa, na wanasayansi wanaoimba "data wazi" huipita haraka. Jina la shamba lisitoke, itoke wilaya. Lakini kuficha kabisa hakusaidii, maana kiwavi akikutwa Ulaya lawama inaandikwa Uganda nzima, hata kwa aliye safi.

Wa Masindi, picha ipigwe na mkulima, ithibitishwe na mtaalamu wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ndipo ichapishwe. Na sisemi orodha za dunia zifutwe. Musizi kwetu ni mti wa mbao, wa nyumbani. Kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, ni mvamizi. Hilo hulijui kwa kukaa kwenye mwalo wako.

Mchangiaji wa Jinja: Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilisukumwa mpaka kwenye mitambo ya bwawa la umeme la Nalubaale, umeme ukakatika nchi nzima. Kitu kikubwa vile hakihitaji profesa kukitambua. Wenye dodoso waongeze maswali mawili: anayekiona kikielea ampigie nani usiku, na bando ya kutuma picha analipa nani?