Naomba ushauri: ndege yangu ya sarakasi imeruka dakika mbili tu, ikanishinda mkono

Tiara Juu (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nimelazimika kuandika maana nimekwama.

Nimejenga ndege ya sarakasi ya kuongozwa kwa rimoti, umbo la Extra 300, kiwiliwili na mabawa ya balsa, nikaivalisha karatasi ya plastiki kwa pasi. Imenichukua miezi minne ya jioni na mwisho wa wiki. Kabla yake nimerusha ndege ya kujifunzia kwa mwaka mzima, ile yenye bawa juu ya kiwiliwili, na kwenye simuleta napiga kitanzi, nabingiria na kuruka chali bila tabu.

Jumamosi nikaitoa. Iliacha ardhi kabla sijavuta kijiti, pua ikapanda, nikasukuma, ikapiga mbizi. Nikigusa eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) kidogo tu inashtuka kama imechomwa sindano. Nikapunguza nguvu ya mota ili nipige kona kwa utulivu, ikapinduka upande wa kushoto ghafla, bila dalili yoyote. Bahati ilikuwa juu, nikaiokoa na kuishusha kwa kishindo. Mguu mmoja umeng'oka na kibao kilichoshika miguu kimepasuka. Mikono yangu ilitetemeka nusu saa nzima.

Vipimo ni hivi: mabawa ncha hadi ncha mm 1,220. Upana wa bawa shinani mm 300, nchani mm 160, na ukingo wa mbele umerudi nyuma mm 60 kutoka shina hadi ncha. Uzito pamoja na betri g 1,450. Betri ni ya lipo (lithiamu polima) ya seli 4, mAh 2,200, uzito wake g 240. Servo (vimota vidogo vya kusogeza vibao vya kuongozea) nne: mbili za eleroni, vile vibao vya mabawani vya kubingirisha, moja ya eleveta, moja ya usukani wa mkia. Ndege inakaa sawa nikiishika mm 125 nyuma ya ukingo wa mbele, nikipimia shinani. Eleveta inapanda na kushuka nyuzi 45, ekspo (mpangilio wa rimoti wa kulainisha katikati ya kijiti) 40.

Je, servo ya eleveta ni mbovu? Au niweke jairo ya kuituliza? Naomba mnisaidie, sitaki kuipeleka tena hewani kwa kubahatisha.

Kipungu

Pole sana mkuu, na hongera kwa kuirudisha chini. Wengi wanaorusha ndege iliyo hivyo huokota vipande kwenye mfuko.

Servo iache kwanza. Hesabu ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiishika, inatosha kueleza nusu ya uliyoyaona. Kitovu hupimwa kwa asilimia ya upana wa bawa, kuanzia ukingo wa mbele. Bawa lako limechongoka, kwa hiyo huwezi kupima asilimia kwa upana wa shinani. Inabidi utafute upana wa wastani. Kwa vipimo ulivyotoa, huo ni kama mm 237, na unapatikana mm 274 kutoka katikati ya kiwiliwili. Mahali hapo ukingo wa mbele umesharudi nyuma mm 27. Ukitoa 27 kwenye 125 unabaki na 98, yaani asilimia 41 ya upana wa wastani.

Kwa ndege ya aina hii, anza kati ya asilimia 25 na 33. Kwako ni kati ya mm 86 na mm 105 ukipimia shinani. Umepita kwa sentimita mbili nzima. Ndege yenye mkia mzito haina subira: pua ikishaanza kupanda, hakuna kinachoirudisha, na wewe unaikimbiza kwa kijiti.

Asiyependa hesabu achore bawa moja kwenye karatasi kwa kipimo kidogo. Kwenye mstari wa shina, ongeza mbele urefu sawa na upana wa ncha. Kwenye mstari wa ncha, ongeza nyuma urefu sawa na upana wa shina. Unganisha miisho hiyo miwili kwa mstari mmoja. Halafu chora mstari mwingine kutoka katikati ya shina hadi katikati ya ncha. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo ulipo upana wa wastani.

Swali langu: betri umeiweka wapi?

Tiara Juu

Mkuu Kipungu, nashukuru sana kwa hesabu. Betri nimeisogeza nyuma makusudi, iko chini kabisa ya bomba la bawa. Ramani ilisema mm 100, ila niliambiwa ndege ya sarakasi lazima iwe na uzito nyuma ndiyo iweze kuning'inia kwa propela.

Kipungu

Aliyekwambia hivyo kakurusha hatua kumi. Ni kweli marubani wazoefu husogeza uzito nyuma, lakini husogeza mm 2 au 3 kwa mara moja, huku wakiijua ndege yao kwa majina yote. Hakuna anayeanzia huko siku ya kwanza.

Rudi kwenye mm 100 ya ramani. Unahitaji kusogeza kitovu mm 25: zidisha kwa 1,450, gawanya kwa 240 za betri, unapata mm 151. Betri iende mbele sentimita 15. Nafasi ikikosekana karibu na mota, toboa ubao wa ndani uipitishe. Usibandike vipande vya madini ya risasi puani kabla hujamaliza njia zote za kusogeza vitu ulivyonavyo, maana kila gramu unayoongeza bawa litaibeba.

Mwewe Mtulivu

Mimi ningeweka jairo. Zinasaidia sana kwenye upepo, na mtoa mada atapata utulivu wa kujifunza.

Fundi Balsa

Mkuu Mwewe, kwenye hili natofautiana nawe. Jairo kwenye ndege yenye mkia mzito inaficha ugonjwa hadi siku utakapopunguza mwendo, na hapo ndipo bawa linakuangusha. Ndege ikishasimama vizuri yenyewe, jairo itiwe kama kiungo cha mchuzi. Sasa hivi tunatibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Tiara, niambie kitu kimoja. Fito inayotoka kwenye servo kwenda eleveta umeichomeka tundu la ngapi kwenye mkono wa servo, na la ngapi kwenye pembe ya eleveta (kile kijiti chenye matundu kilichobandikwa juu yake)? Na kwenye rimoti, mwendo wa servo umeuweka asilimia ngapi?

Tiara Juu

Mkono wa servo: tundu la nje kabisa. Pembe ya eleveta: tundu la ndani, karibu na eleveta. Mwanzoni eleveta ilikuwa inapinda kupita kiasi mpaka inagonga usukani, nikapunguza mwendo kwenye rimoti hadi asilimia 45.

Fundi Balsa

Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa.

Servo yako inatumia chini ya nusu ya mwendo wake. Kwanza, kila hatua ndogo ya servo inakuwa hatua kubwa kwenye eleveta, ndiyo maana inashtuka. Pili, umeipokonya nguvu: mkono mrefu kwenye servo na pembe fupi kwenye eleveta ni kama kufungua boliti kwa kushika spana karibu na kichwa. Tatu, ulegevu wowote kwenye kiungo unakuzwa. Shika eleveta kwa vidole servo ikiwa imewashwa, uitikise. Ikicheza zaidi ya milimita moja, usiirushe. Eleveta iliyolegea kwenye mwendo mkali huanza kupepea, na ikipepea mkia unaweza kung'oka kabla hujajua ni nini.

Fanya hivi, tena mezani, propela ikiwa imevuliwa. Sogeza fito kwenye tundu la ndani zaidi la mkono wa servo ambalo bado linakupa mwendo unaoutaka, na tundu la nje la pembe. Kwenye rimoti rudisha mwendo asilimia 100, na trimu (virekebisho vidogo vya rimoti) zote sifuri. Vua mkono wa servo, utafute jino ambalo mkono utasimama wima kabisa kwa fito, yaani nyuzi 90, eleveta ikiwa katikati. Meno yakikataa, sabutrimu (kuhamisha katikati ya servo kwenye rimoti) kidogo inaruhusiwa, lakini urefu wa fito ndio wa kurekebisha kwanza. Mkono ukiwa umelala upande mmoja, eleveta itapanda zaidi ya inavyoshuka, na ndege itakuwa na tabia mbili: moja ikiwa wima, nyingine ikiwa chali.

Tundu lililopanuka litupe pamoja na mkono wake. Usijaribu kulijaza gundi.

Nyuzi 45 ni za kuning'inia na za mizunguko ya papo kwa papo. Weka reti (viwango vya mwendo) mbili kwenye swichi. Reti ya chini nyuzi 12 kwa eleveta, ya juu utaipandisha ukishazoea, anza na 25. Kama huna kipimo cha nyuzi, tumia rula: kwa eleveta yenye upana wa mm 60, nyuzi 12 ni kama mm 12 na nusu pale kwenye ukingo wa nyuma. Nyuzi 45 ni kama mm 46. Angalia mwenyewe ulikuwa umeshika nini mkononi.

Dada Mota

Nimewasoma wote, na mengi yamesemwa vizuri. Kuna jambo moja linanisumbua: ekspo 40. Kaka Tiara, ni 40 chanya au hasi, na rimoti yako ni ya aina gani? Kwenye Spektrum chanya ndiyo hulainisha katikati ya kijiti. Kwenye Futaba, kwa kawaida hasi ndiyo hulainisha. Ukiweka alama kinyume, unapata kijiti chenye ukali wa kutisha pale pale katikati, mahali unapokishika muda wote.

Usiniamini mimi wala mtu yeyote humu. Fungua ukurasa wenye mchoro wa ekspo. Mstari ukiwa umelala katikati na kuinuka miishoni, uko salama. Ukiwa umesimama katikati na kulala miishoni, umekosea alama.

Tiara Juu

Dada Mota, nimetoka kuangalia sasa hivi. Mstari umesimama katikati. Nilinakili namba kutoka kwa mtu mwenye rimoti ya aina nyingine, sikujua kama alama zinatofautiana. Yaani ndege ilikuwa na mkia mzito, fito imechomekwa kinyume, na ekspo kinyume, vyote kwa pamoja.

Dada Mota

Na bado uliishusha. Una mkono mzuri, usikate tamaa.

Kwa reti ya chini weka ekspo 25 hadi 30 ya kulainisha, kwa nyuzi 45 watu hufika 50 au 60. Kabla ya kurudi uwanjani fanya na haya: jaribu masafa ya rimoti kwa kile kipimo cha nguvu ndogo, mota ikiwa imezimwa halafu ikiwa inazunguka. Zima rimoti mezani uone mota inazima yenyewe. Pima mota kwa wati mita. Kwa uzito wako ningependa kuona kama wati 500 hadi 600, yaani karibu 400 kwa kila kilo. Kwa seli 4 hiyo ni kama ampea 40, kwa hiyo kidhibiti cha mota cha ampea 60 kitafanya kazi bila kuhema.

Na propela ivuliwe kila unapogusa rimoti ukiwa mezani. Mota ya nguvu hiyo haijui kidole ni nini.

Fundi Balsa

Kuhusu kibao cha miguu: usitumie epoksi ya dakika 5, tumia ya dakika 30, inapenya kwenye mbao na haivunjiki kama kioo. Kwangua gundi ya zamani yote hadi uone mbao. Weka vipande vya pembetatu vya mbao ngumu kwenye kona za ndani. Ubavu wa kiwiliwili uongezee kipande cha plaiwudi ya mm 1 kwa ndani, ili kishindo kisiishie sehemu moja. Ukimaliza, ziba nafasi kati ya bawa na eleroni kwa tepu laini inayoonyesha. Nafasi hiyo hupitisha hewa kutoka chini kwenda juu, eleroni zikawa dhaifu na zisizolingana.

Tiara Juu (wiki mbili baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Kitovu sasa kiko mm 99. Fito nimehamisha, mkono wa servo ya eleveta nimebadilisha, ekspo nimegeuza. Wati mita imesoma 560. Jana asubuhi nimeirusha mara tatu, dakika tano kila mara.

Sijui nieleze vipi. Ni ndege nyingine kabisa. Mara ya kwanza niliongeza mibofyo mitatu ya trimu ya eleroni, basi. Ukiachia vijiti inakwenda ilikoelekezwa. Nimepiga vitanzi, nimebingiria taratibu, nimeruka chali uwanja mzima. Nikiwa juu sana nilipunguza mwendo makusudi nione kama itapinduka tena: ilishusha pua tu, mabawa yakabaki sawa.

Yamebaki mawili. Nikipanda wima kwa nguvu zote inavuta kushoto. Na nikiruka ubavu, yaani bawa moja chini na jingine juu, inataka kubingiria kuelekea upande niliousukumia usukani, huku pua ikivuta kidogo upande wa miguu.

Kipungu

Safi sana mkuu. Nimefurahi kama vile ni yangu.

Kupanda wima kuvuta kushoto: upepo wa propela unazunguka kiwiliwili na kuupiga mkia ubavuni. Weka washa (kile kipete cha boliti) nyembamba nyuma ya mota upande wa kushoto mpaka mota iangalie kulia nyuzi 2 hivi. Rusha, angalia, ongeza au punguza. Usitibu kwa trimu ya usukani, maana ukipunguza nguvu itavuta upande wa pili.

Kabla ya kugusa mengine, fanya jaribio la kitovu. Panda kwa mteremko wa nyuzi 45, bingiria uwe chali, achia eleveta. Pua ikianguka haraka, bado nzito mbele, rudisha betri mm 5 tu. Ikiendelea mbele na kushuka polepole, iache hapo hapo. Ikipanda yenyewe, umezidisha nyuma. Mara nyingi kule kuvuta upande wa miguu hupungua kitovu kikikaa vizuri.

Kitakachobaki kimalizie kwa mchanganyiko kwenye rimoti: usukani uende na eleroni upande wa pili, na eleveta ya kupandisha kidogo kwa pande zote mbili. Anza na asilimia 3, pima kulia na kushoto kila upande peke yake, kwa sababu hazilingani karibu kamwe.

Tiara Juu

Nimekuelewa mkuu. Jumamosi naanza na washa. Upepo wiki hii hauruhusu kuruka, na betri tatu nimeshazijaza. Niziache hivyo hivyo hadi siku hiyo?

Dada Mota

Hapana kaka, zishushe leo. Chaji yako ina sehemu ya kuhifadhia, ziache kwenye volti 3.8 kwa kila seli, uzijaze tena Jumamosi asubuhi. Zikikaa na 4.2 siku nyingi huanza kuvimba, na betri iliyovimba haikupi nguvu pale unapopanda wima.