Kibali cha ujenzi: kufuatilia mwenyewe, kumpa mchoraji, au kuanza na barua ya mtendaji?

mama_wawili
Wakuu habari za asubuhi. Nina kiwanja Goba, kimepimwa na hati ninayo, nataka nipige msingi kabla masika hayajaanza, nyumba ya kawaida tu vyumba vitatu, hakuna ghorofa. Nimekwama kwenye kibali maana kila mtu ananiambia lake. Fundi anasema nichukue barua kwa mtendaji nianze, kibali kitafuata huko mbele. Kijana aliyenichorea ramani anasema nimpe hela afuatilie kila kitu manispaa mimi nikae nyumbani. Shemeji naye anasema niombe mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni. Mliopitia naombeni mnilinganishie, na hasa mabomba na karo (tangi la maji machafu ya chooni), hapo sielewi kabisa nani anakagua nini.

mzee_wa_lenta
Dada hiyo ya barua iondoe kichwani. Mtendaji anakutambulisha tu kwamba wewe ni wa mtaa wake na eneo ni lako, anayetoa ruhusa ya kujenga ni halmashauri. Mimi nilianza hivyohivyo, nikafika kwenye lenta, ile zege ya juu ya milango na madirisha, siku moja naenda saiti nakuta X nyekundu ukutani na neno SIMAMISHA. Nikahangaika miezi mingi naombea kibali nyumba ambayo ishasimama, na ramani ilipopitiwa ikaonekana ukuta wa nyuma umeusogelea mno mpaka wa jirani. Nikavunja vyumba viwili. Mpaka leo nikipita pale roho inauma.

pembe_tatu
Mimi kazi yangu ni kuchora ramani kwa hiyo hapa nina maslahi, nasema mapema. Kumpa mtu akufuatilie sio vibaya, ramani ikirudishwa na marekebisho anajua pa kushika, wewe ungeenda mara tatu yeye anaenda mara moja. Ila malipo ya serikali yanatoka na kontrol namba, akikwambia tuma kwenye simu yangu nitalipia, kataa. Na maombi yafunguliwe kwa jina lako na namba yako kwenye huo mfumo wa mtandaoni, unaitwa TAUSI, ili uone yamefika wapi, kuna watu wanaambiwa kila wiki "iko kwenye kikao" kumbe haijawasilishwa hata siku moja. Kwa wenye ghorofa hapo hakuna mjadala, tafuta msanifu aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu majengo) na mhandisi wa ERB (bodi ya wahandisi), ile ghorofa iliyoanguka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar Machi 2013 iliua watu zaidi ya thelathini.

mama_wawili
Asante kaka. Na nikienda mwenyewe nibebe nini?

pembe_tatu
Nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi ya mwaka huu (hii ndo inarudisha wengi), seti za ramani, kitambulisho. Ramani ioneshe nyumba imekaa wapi ndani ya kiwanja na imeachia umbali gani kila upande, pamoja na karo na shimo. Wataipitia mipango miji, mhandisi na afya.

fundi_bomba_tmk
Shikamooni wakubwa. Dada nikujibu la mabomba maana ndo kazi yangu mwaka wa 14 huu. Mtu wa afya anataka kuona karo na shimo la maji taka vimekaa wapi, na gari la kunyonya litapita wapi, watu wanalisahau hilo wanajenga fensi halafu mpira haufiki. Kama una kisima au jirani anacho weka shimo mbali nacho kadiri kiwanja kinavyoruhusu na upande wa chini wa mteremko, ndo maana nasema hii kitu iamuliwe kwenye ramani, sio siku ya kuchimba. DAWASA, watu wa maji hapa Dar, wao kazi yao inaishia kwenye mita, kuanzia hapo kuingia ndani ni mali yako na matatizo yako. Sasa bomba za ndani usikae unasubiri mkaguzi aje, mwambie fundi kabla hajapiga plasta ajaze maji, afunge ncha zote, apige presha kwa pampu, geji ikae mpaka kesho yake na wewe uwepo uione kwa macho, ikishuka kuna mahali hapajaungua vizuri kwenye PPR, hizi bomba za plastiki zinazounganishwa kwa moto. Za maji machafu za inchi nne kila mita ishuke kama sentimita mbili hivi, na kila kona weka chemba (kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia). Halafu piga picha kuta zote kabla ya plasta na futi kamba ikionekana, miaka kumi mbele ukitaka kutoboa ukuta utanikumbuka.

wa_kasarani
Huku kwetu Nairobi huna hiyo chaguo la kuomba mwenyewe, michoro inaingizwa kaunti na msanifu mwenyewe, halafu kuna NCA, mamlaka ya ujenzi, kusajili mradi, na NEMA wa mazingira pia. Kwa hivyo sisi tunalinganisha tu wasanifu. Mimi langu moja, mwite mkaguzi kabla ya kumwaga zege ya msingi hata kama fundi analalamika siku inapotea. Vyuma vikishafunikwa hakuna mtu ataviona tena.

mzee_wa_lenta
Kweli kabisa. Na kibali kiwe na nakala pale saiti muda wote. Ukija kutaka mkopo wa kumalizia pia benki watakiuliza.

mama_wawili
Nawashukuru sana jamani. Nimeshamwambia fundi tunasubiri, amenuna ila ataelewa. Kijana wa ramani nitamlipa kazi ya kurekebisha michoro tu, maombi nafungua mwenyewe. Nimeangalia ramani saa hizi, karo kaliweka nyuma kabisa kwenye kona ambapo gari haliwezi kufika na jirani ana kisima upande uleule. Fundi bomba, nikilihamishia mbele karibu na geti, mteremko wa bomba kutoka choo cha masta utatosha? Ni kama mita 18.

fundi_bomba_tmk
Mita 18 kwa sentimita mbili ni sentimita 36 za kushuka, zinatosha kama kiwanja hakipandi kuelekea getini. Wapime levo kabla hawajachora upya.