Sakitu imeunguza kinyungu changu bondeni na kuacha shamba la mlimani. Kwa nini?

Mama_Vinyungu, Njombe

Kamwene ndugu zangu. Naomba msaada wa anayeijua sayansi ya hewa, maana usiku wa kuamkia juzi nimepoteza robo ekari ya viazi mviringo kwa sakitu, wengine mnaita barafu.

Kinyungu changu, yaani bustani ya bondeni, kiko hatua kama arobaini kutoka kijitoni. Viazi vilikuwa na wiki sita, majani yamefunga vizuri. Nimeshuka saa moja asubuhi nikakuta yameganda, ukiyashika yanakatika. Jua lilipopanda yakalegea, na kufika saa sita mchana yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Shamba la shemeji yangu liko mteremkoni, ukisimama kwake unaniona nikipalilia. Halikuguswa hata jani.

Marehemu bibi alikuwa akituambia usiku wa ukungu tulale, usiku wa nyota tukeshe. Na kweli usiku ule nyota zilijaa na upepo haukuwepo kabisa. Lakini mimi niko karibu na maji! Shuleni tulifundishwa kwamba maji huvukiza na mvuke hutunza joto. Bondeni si ndiko kwenye mvuke mwingi? Tena redio ilisema nyuzi 5, haikusema sifuri. Nina kipande kingine cha mbegu palepale ambacho kimepona, na Julai ndiyo kwanza imeanza.

Kijana_wa_Uyole

Pole sana dada. Huku wengi wanachoma majani mabichi usiku ili moshi utande shambani. Wengine wanamwagia maji usiku. Jaribu kimojawapo, usikae bure.

Mwalimu_Mstaafu, Makete

Pole mwanangu. Nimefundisha fizikia miaka 31 na viazi nalima mpaka leo, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu kidogo.

Bibi yako alikuwa sahihi, na shuleni nako hawakukudanganya. Ila mvuke unaotunza joto la usiku ni ule uliotapakaa hewani kuanzia majanini mpaka kilomita kadhaa juu. Wa kijito chako ni kidogo mno kwa kazi hiyo.

Tuanzie jikoni. Ule weupe unaotoka kwenye birika siyo mvuke tena, ni vitone vya maji. Chungulia karibu na mdomo wa birika: kabla weupe haujaanza kuna nafasi ndogo ambayo utadhani haina kitu. Hapo ndipo penye mvuke wenyewe, na macho hayauoni. Ukungu na mawingu ni mvuke uliokwisha kurudi kuwa maji.

Sasa, usiku ardhi na majani hurusha joto lao kuelekea angani, kama vile unavyohisi joto la jiko la mkaa ukiwa umekaa pembeni bila kuligusa. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huliacha joto hilo lipite. Mvuke hulidaka na kurudisha sehemu yake chini. John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alianza kuyapima mambo haya London mwaka 1859. Alisema mvuke ni blanketi ambalo mimea ya Uingereza inalihitaji kuliko binadamu anavyohitaji nguo. Niliposoma maneno yale nikiwa kijana niliiona Makete ya mwezi wa saba.

Kwetu kuanzia Juni mpaka Agosti hewa ni kavu, na juu ya hapo tunaishi juu sana. Zaidi ya nusu ya mvuke wote wa anga uko ndani ya kilomita mbili kutoka usawa wa bahari, na Njombe yenyewe iko kwenye mita 2,000 hivi. Mtu wa Kyela, pale kwenye mita 500 kando ya Ziwa Nyasa, analala amejifunika blanketi zito. Sisi tunalala na shuka. Mawingu yakiondoka, hata hilo shuka linakuwa jepesi.

Bondeni sasa. Hewa inayogusa ardhi iliyopoa nayo hupoa, huwa nzito, halafu huteremka polepole kama maji na kutuama kwenye kina. Shamba la shemeji yako lilikuwa likipitisha baridi usiku kucha, na kinyungu chako ndicho kilikuwa bwawa. Na zile nyuzi 5 za redio hupimwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, karibu mita moja na nusu juu ya ardhi. Usiku mtulivu majani ya chini yanaweza kuwa baridi zaidi ya hapo kwa nyuzi kadhaa.

Kuna jambo jingine kuhusu mvuke ambalo wanafunzi wangu walikuwa wanalipita haraka. Unapogeuka umande, mvuke huachia joto. Gramu moja tu inatosha kupasha gramu 100 za maji kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana usiku wenye unyevu, umande ukianza kutua, baridi hupunguza mwendo. Hewa ikiwa kavu sana umande hauji kabisa mpaka jani limeshapita sifuri, na hapo mvuke huganda moja kwa moja kuwa sakitu.

Kijana wangu wa Uyole, umesema kwa nia njema, ila moshi hausaidii sana. Chembe zake ni ndogo mno kuzuia joto la aina hii. Kama kuna faida, ni ya moto wenyewe kuchanganya hewa. Na maji ni hatari usipoyajua. Mwaka mmoja nilimwagia viazi ndoo chache saa nane usiku nikarudi kulala, asubuhi nikakuta hali mbaya kuliko kwa jirani ambaye hakufanya lolote. Maji yakiganda yanaachia joto, ni kweli, lakini yakivukiza yanachukua joto mara saba ya lile. Kwenye hewa kavu, ukimwagia mara moja ukaacha, umelinyang'anya jani hata kile kidogo lilichonacho. Lazima maji yaendelee bila kukatika mpaka barafu iyeyuke asubuhi, na nani ana nguvu hiyo kwa ndoo? Afadhali ulowanishe udongo mchana. Udongo wenye maji hutunza joto la jua na kulitoa usiku.

Mwanangu, fanya hivi. Chukua kopo la bati linalong'aa, bandua karatasi yake. Saa kumi na mbili jioni weka maji, tia kipimajoto, ongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga. Kopo likianza kuota jasho kwa nje, soma. Hapo ndipo mvuke wa hewa yako unapoanza kugeuka maji, na usiku mtulivu baridi huelekea kwenye nyuzi hizo. Ukisoma chini ya 3 na mbingu haina mawingu, funika.

Ndaga_Tukuyu

Ndaga fijo mwalimu. Huku kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na migomba inastawi. Hewa yenye mvuke kutoka ziwani inapanda mlima Rungwe, inapoa, inanyesha. Ukivuka kwenda Usangu unakuta vumbi. Sikuwahi kufikiri kwamba hewa hiyohiyo ndiyo inayotufunika usiku.

Mama_Vinyungu, Njombe

Shikamoo mwalimu. Nimerudi na majibu.

Kipimajoto nimeazima kwa jirani anayelea vifaranga. Jioni ya kwanza kopo liliota jasho kwenye nyuzi 9, usiku mawingu yakatanda, sikufunika na hakikuharibika kitu. Jana ikawa tofauti kabisa. Hewa ilikuwa nyuzi 14, nimetia barafu mpaka maji yakafika 2, kopo bado kavu kabisa. Nikaogopa. Tukachomeka vijiti mimi na wanangu tukatandika khanga na viroba juu, khanga za nyumbani zote mpaka ile ya kuendea kanisani. Zikaisha kabla ya mstari wa mwisho wa chini.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Majani ya pembeni mwa njia yalikuwa meupe. Ule mstari uliokosa khanga umeganda wote. Chini ya khanga viazi ni vibichi, vizima.

Ila khanga kwa ndani zilikuwa zimelowa chapachapa, na mvua haijanyesha tangu Mei. Maji yale yametoka wapi? Na nizitoe saa ngapi?

Mwalimu_Mstaafu, Makete

Marahaba mwanangu, nimefurahi mno. Maji hayo ni mvuke wa udongo wako mwenyewe: umepanda, umekutana na kitambaa kilichopoa, umegeuka umande hapo. Zitoe jua likishayeyusha weupe wote wa njiani, uzianike, na jioni uhakikishe hakuna inayolalia majani. Usiku wa leo anza kufunika kule chini.