Banff hadi Jasper (hifadhi za Milima ya Rocky, Kanada) kwa gari, siku 7 mwisho wa Juni: ratiba hii inatembea?

kijiti_cha_njia

Habari za humu wakuu. Safari ni ya watu wanne, gari la kukodi (SUV ndogo, automatiki), kuanzia na kuishia Calgary, 22 hadi 28 Juni. Wawili wanapanda mlima vizuri. Wawili ni wazee, magoti hayaruhusu zaidi ya kilomita tano za tambarare. Ratiba ilivyo sasa:

Siku ya 1 Calgary–Banff. Siku ya 2 Ziwa Louise asubuhi, Ziwa Moraine mchana, halafu jioni hiyo hiyo kuendesha hadi Jasper (ramani inasema kilomita 232, saa tatu). Siku ya 3, 4 na 5 Jasper. Siku ya 6 kurudi hadi Yoho (hifadhi ya jirani) kwa ajili ya Ziwa Emerald na maporomoko ya Takakkaw. Siku ya 7 Calgary.

Maswali: je, siku ya 2 imebanwa mno? Gari linaegeshwa wapi Moraine? Na wale wawili wenye miguu wapande wapi, kuna anayependekeza Sentinel Pass (njia ya mlimani juu ya Ziwa Moraine)?

Ramani Mkononi

Siku ya 2 haitembei, ndugu. Na tatizo si kilomita.

Anza na Moraine. Barabara ya kwenda kule imefungwa kwa magari binafsi tangu 2023, mwaka mzima, kwa hiyo swali la kuegesha halipo tena. Unaingia kwa basi la Parks Canada (mamlaka ya hifadhi za taifa), kwa kampuni za utalii, au kwa baiskeli. Basi la Parks Canada linaondokea kwenye maegesho ya uwanja wa kuteleza theluji wa Lake Louise (kijiji kilicho karibu na Ziwa Louise), ng'ambo ya barabara kuu. Nafasi zinatolewa kwa mafungu mawili: sehemu inafunguliwa Aprili, na sehemu kubwa zaidi inafunguliwa saa 48 kabla ya siku yenyewe, saa 2 asubuhi kwa saa za kule. Aliyeko Afrika Mashariki hiyo kwake ni saa 11 jioni. Uwe umeshajisajili kwenye tovuti yao na taarifa za kadi ziko tayari, kwa sababu nafasi za alfajiri huisha haraka sana.

Kitu ambacho wengi hawajui: tiketi ya Moraine inakupa pia basi dogo linalounganisha Moraine na Louise siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta maegesho ya Ziwa Louise, ambayo ni ya kulipia na hujaa kabla jua halijachomoza. Weka nafasi ya Moraine asubuhi, shuka na basi la kuunganisha hadi Louise, kisha rudi kwenye gari. Tiketi ina saa ya kwenda tu. Kurudi ni foleni, na jioni foleni ni ndefu. Angalia saa ya basi la mwisho kabla hujapanda mlima.

Ukifanya hivyo, ziwa mbili zinamaliza siku nzima. Lala eneo la Lake Louise, uende Jasper kesho yake. Ondoa siku moja Jasper uitie hapo. Ile njia ya kwenda Jasper, Icefields Parkway, ndiyo safari yenyewe. Kuipita jioni ili ufike kulala ni kuitupa.

Kiingilio: Discovery Pass (kibali cha mwaka cha hifadhi) ya familia au kundi inabeba hadi watu 7 walio kwenye gari moja, nayo huanza kuwa nafuu ukikaa hifadhini siku saba au zaidi kwa mwaka. Lakini kwanza angalia kama kuna msamaha. Kiangazi cha 2025 kiingilio kilikuwa bure kuanzia 20 Juni hadi 2 Septemba.

gia_ya_pili

Naongezea ya barabarani, maana hapo ndipo watu wa tambarare huharibikiwa.

Mafuta. Kati ya Lake Louise na Jasper kuna kituo kimoja tu, Saskatchewan River Crossing, kama kilomita 80 kutoka Louise, nacho hufanya kazi kwa msimu. Ukikipita, kinachofuata ni Jasper, zaidi ya kilomita 150. Jaza tangi Lake Louise. Mtandao wa simu haupo sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo pakua ramani ya matumizi bila intaneti ukiwa Banff, pamoja na picha za tiketi zote.

Mwendo. Kikomo ni kilomita 90 kwa saa. Saa tatu za ramani ni za mtu asiyesimama kabisa. Panga muda wa saa nane hadi kumi za safari. Ziwa Bow liko kando ya lami, halafu Bow Summit (zaidi ya mita 2,000) penye kibaraza cha kuangalia Ziwa Peyto, halafu Crossing, halafu kilomita kama 50 zaidi ufike barafu ya Athabasca, na bado kama 100 kufika Jasper.

Mteremko. Hapa usome taratibu. Kusini mwa Sunwapta Pass (mita 2,035) barabara inashuka kwa nguvu hadi kwenye kona moja kubwa sana. Mkienda Jasper mnaipanda, kwa hiyo hamtaisikia. Siku ya 6 mnaishuka, gari limejaa mizigo na watu wanne. Dereva wa automatiki akiiacha kwenye D (gia ya kawaida ya kuendesha) na kukanyaga breki mfululizo, pedi na diski zinapata moto hadi msuguano unapungua, na mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya unyevu yanaweza kuchemka. Mapovu yanaingia kwenye mfumo, na pedali inakuwa laini kama unakanyaga sifongo. Dawa yake ni kupunguza mwendo kileleni, kabla ya kuanza kushuka, kisha weka L, 2 au M (gia za chini au za kuchagua mwenyewe) na uishushe gia mpaka injini ingurume kidogo na kulizuia gari. Breki uitumie kwa vipindi: kanyaga kwa uthabiti sekunde chache, achia kabisa, ipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, ingia kwenye sehemu ya kusimama, weka P, na usubiri nusu saa. Usimwage maji kwenye diski, zitapinda au kupasuka.

Na ukiona magari yamesimama hovyo barabarani, hapo kuna dubu. Msishuke. Punguza mwendo, piga picha kwa dirisha, endelea. Mwongozo wa hifadhi unataka umbali wa mita 100 kwa dubu na mbwa mwitu, mita 30 kwa kulungu wakubwa na kondoo wa milimani.

theluji_bado

Sentinel Pass tarehe hizo? Hapana. Kilele chake ni mita 2,611, na mwisho wa Juni ule ukuta wa juu kwa kawaida bado una theluji, iliyolainika mchana, juu ya mteremko wa mawe. Hapo kuna hatari ya maporomoko ya theluji. Ni njia ya kuanzia katikati ya Julai. Isitoshe bonde la chini yake, Larch Valley, mara nyingi kiangazi huwekewa amri ya kutembea kundi la watu wasiopungua wanne kwa sababu ya dubu. Ninyi mko wanne, lakini wapandaji ni wawili, kwa hiyo amri ikiwepo hamtaruhusiwa.

kijiti_cha_njia

Asanteni sana. Nimehamisha: siku ya 2 Moraine na Louise, kulala hapo, siku ya 3 Parkway, siku ya 4 na 5 Jasper. Basi nitajieni njia mbadala za wale wawili, na wazee wafanye nini wakati huo. Na dawa ya dubu (kopo la pilipili la kumpulizia dubu), inanunuliwa wapi na inabebwaje?

Buti Mbili

Kwa wapandaji, mnapokuwa Louise: Ziwa Agnes, kama kilomita 3.5 kwenda, mwinuko unakaribia mita 400, msituni karibu muda wote. Mwisho wa Juni sehemu za juu zinaweza kuwa na matope na barafu iliyokanyagwa, kwa hiyo mbebe minyororo midogo ya kuvisha kwenye buti. Wazee wafuate njia ya ufukweni ya Ziwa Louise, kilomita 2 kwenda na 2 kurudi, tambarare kabisa. Wote mnaanzia na kumalizia sehemu moja.

Siku ya Parkway, Parker Ridge au Wilcox Pass. Wilcox inaanza kwa mwinuko wa msituni, halafu ghafla miti inaisha na barafu ya Athabasca iko mbele yako, upande wa pili wa bonde. Kilomita kama 4 kwenda kufika juu, lakini mandhari yanafunguka mapema sana, hata anayegeuka nusu njia hajapoteza. Parker Ridge hufungwa theluji ikiwa bado inayeyuka, ili watu wasikanyage mimea kando ya njia, kwa hiyo ulizeni kwanza. Wazee wasubiri kwenye kituo cha wageni cha Columbia Icefield, ng'ambo ya barafu hiyo. Chini kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilipokuwa zamani. Imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu kwa miaka 125 hivi. Msivuke kamba ya onyo. Theluji inafunika nyufa zenye kina kirefu, na watu wameshafia humo.

Kwenye Ziwa Bow msipange maporomoko ya Bow Glacier bila kuuliza. Juni 2025 mwamba uliporomoka pale, watu wawili wakafa, na njia ikafungwa.

Jasper, wazee wapelekeni Ziwa Maligne, lenye urefu wa kilomita 22. Boti ndiyo ya kuchukua, kwa sababu Spirit Island, kisiwa kidogo maarufu cha ziwani humo, haina njia ya miguu. Njiani mtapita Ziwa Medicine, ambalo halina mto wa kutokea juu ya ardhi. Maji yanazama chini kupitia mwamba wa chokaa na kuibukia kwenye korongo la Maligne. Mwisho wa Juni huwa limejaa. Vuli unakuta tope na vijito. Moto wa Julai 2024 uliunguza sehemu ya mji na msitu mkubwa, na miti iliyokufa imesimama bado, ikipigwa na upepo inaanguka. Angalieni orodha ya njia zilizo wazi asubuhi hiyo hiyo.

Dawa ya dubu hairuhusiwi ndani ya ndege, hata kwenye begi la chini. Nunueni au kodini Calgary au Banff, na angalieni tarehe ya mwisho wa matumizi. Kila mpandaji na kopo lake, kiunoni au kifuani, si ndani ya begi la mgongoni. Kifungo cha usalama mkifanyie mazoezi bila kupulizia. Dubu akikujia, elekeza chini kidogo ya kichwa chake, pulizia akiwa ndani ya mita chache, ukizingatia upepo. Kopo huisha kwa sekunde chache tu. Msiliache kwenye gari juani, linaweza kupasuka. Njiani zungumzeni kwa sauti, hasa kwenye kona na karibu na maji yanayopiga kelele. Kengele ndogo hazifai kitu.

Ramani Mkononi

Ya siku ya 6 nilisahau. Barabara ya Takakkaw hufunguliwa kati hadi mwisho wa Juni kutegemea theluji, kwa hiyo thibitisha wiki hiyo. Ina kona kali ambapo mabasi hulazimika kurudi nyuma ili yapite. Mkikuta basi, mpeni nafasi, msiingie katikati. Ikiwa imefungwa, Ziwa Emerald peke yake linatosha mchana: mzunguko wake ni kilomita 5.2, karibu tambarare, na wazee wanaweza kugeuka popote. Upande wa mashariki una mizizi na matope, waanzie magharibi. Na usiweke mtumbwi wenu wa kupuliza majini bila kusoma tangazo la hifadhi: Yoho na hifadhi jirani ya Kootenay zilishawahi kufunga maji yao kwa vyombo kwa sababu ya ugonjwa wa samaki.

kijiti_cha_njia

Mtumbwi tumeutoa kwenye orodha. Swali la mwisho: chakula kikae ndani ya gari usiku?

Buti Mbili

Ndiyo, ndani ya gari lenye kuta ngumu, madirisha yamefungwa, milango imefungwa kwa ufunguo, kisionekane. Pamoja na dawa ya meno, sabuni, jiko na sufuria hata zikiwa zimeoshwa. Mkiwa kambini, kila chenye harufu kiingie garini kabla ya kulala, na maji ya kuoshea vyombo yamwagwe kwenye karo ya kambi, si kichakani.